Mwaka wa Njia ya Mwaloni

Watu walikuwa wanacheza, mimi na Kaka Deo tulikuwa tunasikiliza sakafu. Ilikuwa mwezi uliopita, kwenye arusi ya binti yake Esther, katika ukumbi wa kukodi kule Rissne, pembeni mwa Stockholm. Maharusi walikwisha kuingia, Wakongo wameshaupasha ukumbi moto kwa miguu, nami nilikuwa nimesimama karibu na meza ya vinywaji nikigongagonga kisigino chini taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani wa chini. Nilipoinua macho nikamwona Deo upande wa pili, ndani ya suti ya rangi ya maziwa, naye anagonga kisigino. Tukatazamana, tukacheka. Akaja akichechemea, akanikumbatia, akaniambia sikioni kwa Kiswahili chake cha Uvira, "Chini ni wazi, mudogo. Hii mbao bameiweka mbio mbio." Nikamwambia hata gundi wameibania. Mkewe, Mama Esther, alikuwa anapita na sinia la sambusa. "Nyinyi wawili," akasema, "hata siku ya mutoto wangu munachunguza mbao za batu." Kijana mmoja aliyekuwa karibu akaniuliza mimi na baba wa bibi arusi tunajuana vipi, maana mimi Mtanzania, Mwislamu, na wao ni watu wa kanisa la Wakongo. Nikamjibu kwa kifupi kwamba tuliwahi kufanya kazi pamoja. Jibu lile lilinikera hadi nafika nyumbani. Leo nina kampuni yangu ya sakafu, magari yenye jina langu ubavuni, na mafundi ninaowafundisha mwenyewe. Lakini yote hayo yalitoka katika mwaka mmoja, na mwaka ule haustahili jibu la kifupi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipanga chumba Rinkeby, mtaa mwingine wa pembeni mwa Stockholm, juu ya duka lililouza unga wa muhogo, mawese na kadi za simu. Ndani palikuwa na kitanda, meza, na chini ya dirisha radieta ya kupasha chumba joto, ambayo tangu Oktoba hadi Aprili sikuwahi kuikuta imepoa. Nje theluji ilifika magotini; ndani midomo ilinipasuka, asubuhi pua ilitoka damu, na nikivua sweta cheche zinalia na nywele zinasimama. Nimekulia Singida, kwa hiyo kiangazi nakijua. Najua ardhi inavyopasuka na jinsi pipa la mbao lisipotiwa maji linavyoachia pande zake. Ila sikuwa nimewahi kuona kiangazi kilichofungiwa ndani ya nyumba huku nje kumejaa maji yaliyoganda. Nilikiona kama kero ya ngozi tu, nikanunua mafuta ya mgando nikajipaka. Aliyenionyesha kwamba kero ile ni elimu ni Deo.

Tulikutana kazini. Mimi nilikuwa nasafisha nyumba zilizokarabatiwa kabla wenyewe hawajahamia, na siku moja nilifika nikakuta fundi hajamaliza. Alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule tupu, anaingiza ubao katika ubao kwa nyundo ya mpira, tap, tap, kisha anatulia na kusikiliza, kisha tap ya mwisho. Nikaegemea ufagio. Sijui nilisimama muda gani. Akanisikia nikipokea simu kwa Kiswahili, akageuka, "Weye ni wa wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Bon, njoo ushike hapa," na nikashika. Mchana ule tulikula chakula chake, wali na ndagala, dagaa wa kwao, wa kukaanga, tumekaa juu ya maboksi, nikamuuliza kazi ile hufundishwa wapi. Hakunicheka. Alinielekeza kwenye kozi ya ufundi ya watu wazima, na nilipomaliza masomo ya darasani akanichukua kwa mwaka mmoja wa praktik, ndivyo Waswidi wanavyouita muda wa kujifunza kazi ukiwa kazini.

Jumapili mchana nilikuwa nakula kwao, Rissne. Jiko la Mama Esther lilikuwa dogo, dirisha limejaa mvuke wa sombe, kisamvu cha Wakongo, na Esther, msichana wa darasa la pili wakati ule, alikuwa anafanya hesabu zake kwenye kona ya meza na kumjibu mama yake kwa Kiswidi kila alipoulizwa kwa Kiswahili. Siku moja, nikiwa nasonga bugali, nikasikia wageni wa kiume sebuleni. Mmoja alisema, "Deo, yule binti wa Tanzania atakuvunjikia mgongo kabla ya Pasaka. Hiyo kazi inavunja wanaume." Nikaacha mwiko. Mama Esther akaniwekea kidole mdomoni, ishara ya nisikilize. "Mugongo ninayo mimi, na imesha kuharibika," akasema Deo. "Sitafuti mugongo. Natafuta mashikio. Yule anasikia mbao." Mama Esther akanirudishia mwiko mkononi. "Songa," akasema. "Isije ikashika vidonge." Nimepewa sifa nyingi tangu siku ile, nyingine jukwaani, lakini hakuna iliyonikaa kama ile niliyoisikia kupitia mlango wa jiko.

Somo lake la kwanza lilikuwa moja, na alilirudia hadi nikawa nalisema usingizini. "Batu banaona theluji, banafikiri maji iko mingi," alisema. "Uongo. Ile baridi inakamua hewa yote, halafu radieta inaikausha tena. Ndani ya nyumba ni jangwa, Zuhura. Weka mbao mu jangwa sawa vile unaweka mutu. Umuache azoee kwanza." Ubao, alisema, haufi ukikatwa. Hewa ikiwa na unyevu unanenepa, hewa ikikauka unakonda, na fundi asiyeliheshimu hilo ataweka sakafu nzuri mwezi wa saba na kupigiwa simu ya malalamiko mwezi wa pili, mbao zimeachana hadi sarafu inadumbukia. Aliniachia kipimo chake cha unyevu, kile chenye sindano mbili, akanituma kuchoma kila kipande cha mbao nilichokutana nacho: milango, meza, ubao wa kukatia mkate. Nilijifunza nyumba za Stockholm kama daktari anavyojifunza mapigo ya moyo.

Ndipo akatupigia simu Birgitta. Aliishi Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm, mwendo wa kutembea kutoka stesheni, katika nyumba ndogo ya zamani ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu. Alikuwa amevuka miaka sabini, mrefu, ana mikono mikubwa ya mtu aliyelima bustani maisha yake yote. Macho yake yalikuwa yamezimika polepole kwa ugonjwa, na mwaka mmoja kabla yetu yakazimika kabisa. Waswidi huitana majina matupu, mkubwa na mdogo. Mimi kila nikitaka kumwita Birgitta ulimi ulikuwa mzito, kwa hiyo kwa wiki za mwanzo sikumwita kitu chochote. Sakafu yake ilikuwa ya msonobari, mbao pana kama kiganja na nusu, na kila majira ya baridi zilikuwa zinaachana na kuinua kingo. Ncha ya fimbo yake nyeupe ilikuwa imedumbukia kwenye ufa mmoja, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Bado kilikuwa kimevimba tulipofika.

Tulipokuwa tunapima chumba cha kulala, tukasikia jikoni. Mtoto wake wa pekee, Anders, dereva wa lori la magogo kule kaskazini, alikuwa amekuja kwa siku chache. Hawakupaza sauti. "Ukianguka tena, mama, tunaiuza nyumba," alisema. "Tulikubaliana." Birgitta akajibu, "Wewe ulikubaliana. Mimi nilinyamaza." Kukawa na mlio wa kikombe kuwekwa juu ya sahani. "Siwezi kuwa barabarani nikijiuliza umelala chini tangu lini," akasema Anders, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuogopa. "Nipe majira haya ya baridi," akasema mama. "Niweke sakafu, unipe majira haya." "Haya tu," akasema Anders. Deo akanitazama, mkanda wa kupimia ukiwa umening'inia mkononi mwake. Tulikuwa tumekuja kuweka sakafu. Sasa tulijua tunaweka nini juu ya sakafu hiyo.

Deo alipendekeza mwaloni, tena vipande vyembamba na vifupi vinavyopangwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, ambao mimi nikiutazama naona ukili wa mkeka. Sababu haikuwa urembo. Ubao mpana ukikonda unaacha ufa mmoja mkubwa. Vipande vyembamba vikikonda, kila kimoja kinajipunguza kidogo tu, na ufa unagawanywa hadi mguu hauuoni. Tukampangia Birgitta vipande vya mfano kwenye sakafu ya jiko. Akavua soksi, akapita juu yake kimoja kimoja. Kilichopigwa vanishi alikiita kioo. Kilicholainishwa kwa msasa akasema hakimwambii kitu. Kwenye kipande cha mwisho, ambacho kilikuwa kimesuguliwa kwa brashi ya waya hadi nyuzi za mbao zikatokeza, alisimama. Vidole vya miguu vikaanza kucheza. "Hiki nakisikia," akasema. "Kinaelekea huku," na akanyoosha mkono kufuata nyuzi, na hakukosea.

Sikujua kama nilikuwa na ruhusa ya kusema, nikasema. "Vipi kama sakafu yote iwe laini, na njia peke yake iwe hivi?"

"Njia ipi?" akauliza Birgitta.

"Ya kutoka kitandani hadi jikoni. Na ya msalani. Na ya mlango wa nje. Mbao ndefu, zimelala kuelekea unakokwenda. Mguu ukitoka njiani unaingia kwenye ulaini, unajua umetoka."

Birgitta alirudi akasimama tena juu ya kile kipande. Deo akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Unajua unasema kazi ya namna gani?" Nikamwambia najua. "Hapana, haujui," akasema. "Lakini tutaifanya."

Mwaloni ulifika Oktoba kutoka ghala lisilo na joto, na sindano za kipimo zilipouchoma zikatuambia umelewa maji. Tukaupanga sebuleni kwa Birgitta, mafungu yamefunguliwa, vijiti katikati ya kila safu ili hewa ipite, tukauacha. Kwa wiki kadhaa yule mama aliishi na mlima wa mbao, akiuzunguka kwa mkono mmoja ukiparaza kingo zake. Anders alipiga simu akiuliza kwa nini mafundi wamepotea. Deo alimwambia mbao zinajifunza nyumba. Mimi nilikwenda mara kwa mara kupima, na kila mara Birgitta alinikalisha kwa kahawa na maandazi ya mdalasini, akaniuliza habari za Singida, watu wanakula nini, nyumba zina sakafu gani. Nilimweleza za udongo uliosiribwa, jinsi mguu mtupu unavyojua mahali mama alipopitisha mkono wake. Alhamisi, siku ambayo Waswidi wengi hula supu ya njegere yenye nyama ya nguruwe, alianza kupika sufuria mbili. "Hii ndogo haina nguruwe," alisema bila maelezo zaidi, na siku hiyo nikamwita Mama Birgitta, nusu Kiswahili nusu Kiswidi. Akauliza maana yake. Nilipomwambia, akasema jina hilo linafaa, niendelee nalo.

Wiki ambayo kipimo kilituruhusu, goti la Deo liligoma. Halikuwa jambo la ghafla. Lilikuwa linalalamika kwa miaka, na asubuhi moja alishuka kwenye gari likakataa kumbeba. Hospitali wakampa siku ya upasuaji iliyokuwa karibu, akaikubali, maana kungoja nyingine kulikuwa kungoja hadi kiangazi. Nilimkuta nyumbani mguu juu ya mto. Mama Esther alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani. "Mupigie ule mama, umwambie mutaanza mwezi wa tatu," alimwambia mumewe. Deo akanigeukia mimi. "Mwezi wa tatu baridi imeisha," akasema. "Yule mama alipewa hii baridi tu." Kisha akanitupia funguo za sanduku lake la vifaa. Nilizidaka.

Kwa kuwa sikuwa na leseni ya gari, nilibeba vifaa kwa treni, begi moja mgongoni na jingine mkononi, pedi za magoti zimening'inia nje kama masikio. Niling'oa msonobari wa zamani, nikakagua mihimili, nikatandika sakafu ya chini, nikapiga mstari kwa uzi wa chaki, nikaanza. Kuna furaha katika kazi ile ambayo sijaipata kwingine. Gundi inavutwa kwa mwiko wenye meno, kipande kinalala, kinaguswa kwa nyundo, na mlio unabadilika kutoka tupu kuwa mzito, kama mtu aliyekubali. Niliacha nafasi ukutani kwa kabari ili mbao zipate pa kunenepea wakati wa kiangazi. Mama Birgitta alihamia chumba cha juu, na mchana alikuwa anakaa kwenye ngazi akinisikiliza. Alisema anaweza kusikia nilipo, na ninapokasirika. Nilianza na ile njia, kutoka kitandani, nikaiongoza ikakata sebule nzima hadi hatua chache kabla ya mlango wa jiko. Ilinyooka. Niliipiga picha nikampelekea Deo hospitali.

Jioni ile kabla ya kufunga begi nilivua viatu, nikafumba macho, nikatembea toka kitandani nikifuata nyuzi. Ilikuwa tamu. Nikapita sebule, nikaendelea, na bega langu likagonga mwimo wa mlango. Nikarudi nikaanza upya. Likagonga palepale. Nilipofungua macho na kupima, nikakuta nyumba ile ya zamani ilikuwa imekaa upande. Kuta mbili zilizoonekana kuelekeana hazikuelekeana. Mstari nilioutoa kwenye ukuta wa chumba cha kulala, kama tulivyofundishwa, ulikuwa unakwenda pembeni kidogo kidogo. Mwenye macho asingejua, kwa sababu macho husahihisha yenyewe. Kwa Mama Birgitta ingekuwa bega kila siku, na siku nyingine ingekuwa kichwa. Nilimpigia Deo. Alisikiliza hadi mwisho. "Ungekuwa wewe?" nikamuuliza. "Mimi niko kitandani, mudogo," akasema. "Weye njo uko mu nyumba, uamue weye."

Gundi ile ikilala hadi siku ya tatu huitoi bila kuvunja ubao. Kesho yake asubuhi nilishika patasi na mtaimbo mdogo, nikaanza kubomoa. Nilikuwa katikati ya sebule Anders alipoingia na mifuko ya dukani. Alikuwa ameendesha kutoka kaskazini kuja kuona maendeleo. Alisimama. Mfuko mmoja ukashuka chini taratibu.

"Unabomoa?" akauliza.

"Nabomoa njia. Haifiki mlangoni."

"Naiona inafika."

"Unaiona," nikasema.

Alianza kusema habari za majuma yaliyobaki, za baridi iliyotangazwa, za mama yake kulala juu ambako kuna ngazi. Hakuwa mkorofi. Alikuwa anahesabu hatari moja baada ya nyingine, kama alivyofanya tangu siku ya kwanza. Mama yake, akiwa kwenye ngazi, alimwacha amalize. "Anders," akasema, "vua viatu, ufumbe macho, utoke kitandani kwangu." Akakataa, kisha akakubali. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa bado ipo. Alitembea, mtu mkubwa yule, mikono ameinyoosha kidogo mbele kama mtoto, na nilipoona anakaribia nikataka kumwita, nikajizuia. Bega lake likagonga mwimo hadi mlango ukatikisika. Alisimama pale akishika mbao ya mlango. Hakufungua macho mara moja. Nafikiri ndipo alipokuwa, kwa mara ya kwanza, ndani ya siku za mama yake. Alipoyafungua alivua koti, akaniuliza, "Una mtaimbo mwingine?"

Tulibomoa pamoja hadi mchana. Aliyajua magogo, uzito wake na harufu zake, lakini hakuwahi kufuata gogo hadi mwisho wa safari yake. Alikuwa anakwangua gundi na kunusa vumbi la mwaloni. Safari hii sikuanza ukutani. Nilimwomba Mama Birgitta atoke chumbani kwake kwenda jikoni kama anakwenda kuchemsha kahawa, asiwaze, nami nikamfuata nyuma kwa magoti, natia alama ya chaki kila unyayo ulipotua. Mara tatu alitembea, na mara tatu alama ziliangukiana. Zilinyooka hadi penye jiko la kuni lililopasha sebule joto, zikapinda kidogo kulikwepa joto lake, zikaingia katikati ya mlango. Hiyo ndiyo njia niliyoijenga: vipande viwili vilivyonyooka, vimekatwa kwa pembe na kuungana penye lile jiko la kuni, na mfupa wa samaki wote ukaja kupiga magoti pembeni yake. Njia za msalani na mlango wa nje nazo nilizitoa kwenye nyayo zake vilevile. Wiki ya Krismasi niliipaka mafuta, nikakusanya vifaa. Deo alikuja kwa magongo kuikagua. Aliangalia muda mrefu, akalala kifudifudi na mguu wake wenye bandeji, shavu kwenye mbao, akitazama mwanga wa dirishani ukiteleza juu ya viungo. Mama Esther aliyemleta akauliza kama anasali. "Ni kama vile," akajibu.

Lakini sakafu haihukumiwi siku inapomalizika. Januari baridi ilishuka kuliko kawaida, theluji ikalia chini ya viatu kama sukari, na radieta za mji mzima zikafunguliwa. Nilikuwa naamka Rinkeby midomo imepasuka na kuwaza mwaloni wa Väsby. Tulimwachia Mama Birgitta mashine ya kutia unyevu hewani na tukamwomba asipandishe joto kupita kiasi. Alivaa sweta mbili na kutii. Kila wiki nilikwenda, nikapiga magoti, nikapitisha ukucha kwenye viungo. Nyumba ilikuwa inalia usiku na mchana, alisema, kuta zinatoa milio, milango inaachia. Chini palikuwa kimya.

Anders alikuja mwishoni mwa Februari, siku kavu kuliko zote nilizopima mwaka ule. Nilikuwa nimealikwa mchana, Alhamisi. Hakusalimia sana, alipiga magoti mlangoni na buti zake, akatoa kisu chembamba mfukoni, akajaribu kuingiza ncha kwenye kiungo. Akajaribu kingine. Alitambaa hivyo hadi chumba cha kulala, akarudi upande wa pili wa njia, na mimi nilisimama karibu na dirisha nikihesabu viungo anavyojaribu, ingawa nilishaujua mwaloni ule wote kwa ukucha. Wakati yeye bado yuko chini, mlango wa jiko ukafunguka. Mama Birgitta alitokea miguu mitupu, bila fimbo, sinia mikononi, bakuli tatu za supu zinafuka mvuke. Anders akainuka nusu. Nikamwekea mkono begani. Yule mama alipita penye jiko la kuni, akapinda pale pale njia ilipopinda, akanyooka, akapita hatua moja kutoka tulipokuwa, akaweka sinia mezani, wala tone halikumwagika. "Bakuli dogo ni la Zuhura," akasema. "Mnakula baridi?"

Tulikula. Anders alikuwa anakunywa supu na kutazama mlango wa jiko. Mwisho akaweka kijiko. "Basi," akasema. "Nitakuwa nakuja Pasaka na wakati wa kiangazi." Mama yake akamwambia aje kutembea, si kukagua, na aje na samaki wa kaskazini. Mama Birgitta aliishi katika nyumba ile miaka mingi baada ya hapo, na aliondoka humo kwa wakati wake, kitandani kwake. Cheti changu cha ufundi kilitoka majira yale ya kuchipua. Mwalimu wa kozi alikwenda mwenyewe Väsby, akavua viatu. Jirani wa Mama Birgitta akaniita, kisha dada wa jirani, kisha mtu mwenye mtoto asiyeona huko Rissne, na tangu hapo sijawahi kukosa kazi. Sasa nikiwa na mafundi wangu, wengine wana nguvu kunizidi mara mbili, jambo la kwanza ninalowafundisha ni kutembea wamefumba macho.

Lakini siku ile ya Februari nilikuwa bado sina kampuni wala cheti. Nilikuwa kwenye treni ya kurudi mjini, begi limejaa, tumbo limejaa, theluji inapita dirishani kwa weupe mkali wa jua la mchana. Nikampigia Deo. Alikuwa sebuleni kwake akinyoosha goti jipya. Nikamwambia neno moja, "Imeshika." Hakuelewa, au alitaka kulisikia tena. "Imeshika, Kaka Deo. Kisu hakiingii. Amebeba supu." Nikamsikia akigeuka na kumwambia mkewe, na kabla sijasogeza simu mbali na sikio, Mama Esther akapiga vigelegele, virefu, vya arusi kabisa. Vilitoka kwenye simu yangu vikajaza behewa zima la Waswidi, ambako hata mtu anayekohoa hukohoa kwa aibu. Vichwa vikageuka. Ningeweza kuizima. Niliweka simu juu ya magoti yangu, nikaongeza sauti.